Gundi iwe ya mwisho: jibu kwa mjukuu mwenye sanduku la bati

Swali: Shikamoo mwalimu. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwaka jana hapa Tanga. Ameacha sanduku la bati lenye picha kama mia mbili, barua za herufi za Kiarabu, stakabadhi za kodi za babu, na albamu moja ya zile kurasa za kunata. Mjomba anataka tupeleke vyote steshenari vikapigwe laminesheni. Mimi nataka kutengeneza kitabu cha ukoo kwa mkono, na karatasi yenyewe niitengeneze kwa nyuzi za mkonge, maana babu alikuwa mkata mkonge. Binamu zangu walioko Muscat nao wanataka nakala. Aliyebaki wa rika la bibi ni mdogo wake, yuko Pangani, na macho yake hayaoni vizuri. Nitumie gundi gani? Tena kuna picha moja ya harusi, uso wa mwanamke mmoja umekwaruzwa kwa wembe. Niiweke kitabuni au niiache?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Miaka zaidi ya thelathini najalidi vitabu na kutengeneza nyaraka chakavu, na karibu kila anayenijia na sanduku la marehemu huanza na gundi. Gundi iwe ya mwisho kununuliwa. Sababu naijua kwa kosa langu mwenyewe.

Nikiwa kijana nilichukua picha arobaini hivi za mama yangu, nikanunua kaunta buku nene na chupa ya gundi nyeupe ya mbao, nikazibandika zote siku mbili tu. Zikapendeza, nikasifiwa. Miaka ikapita, akaja shangazi. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha akauliza: "Na mwandiko wa kaka uko wapi?" Kumbe baba alikuwa ameandika nyuma ya kila picha: nani, wapi, siku gani. Nilijaribu maji, nikajaribu mvuke wa birika. Karatasi zikachanika, sura zikabanduka. Katika zile arobaini niliokoa maandishi ya picha kumi na moja. Za wengine nina nyuso, majina sina, na shangazi naye ameshatangulia.

Kwa hiyo nauli ya Pangani kwanza, steshenari baadaye. Karatasi iliyokaa sandukuni miaka sitini itakusubiri miezi miwili zaidi. Bibi mdogo usimhesabie hivyo.

Kabla hujaenda, toa picha zote, mikono mikavu na safi, uzitandaze juu ya shuka. Piga kila moja kwa simu, mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna kitu. Fanya hivyo kivulini karibu na dirisha, bila taa ya simu. Kisha zipange. Wengi hupanga kwa nyuso, huyu na huyu, wakakwama mapema. Wewe panga kwa sakafu na pazia. Wapiga picha wa studio walikuwa na pazia lilelile, kiti kilekile na kile chombo cha maua cha siku zote, kwa miaka. Picha zenye kiti kimoja na pazia moja huenda zimetoka studio moja, na nguo zikiwa zilezile basi ni siku moja. Ukipata jina la picha moja katika fungu hilo, umefungua nyingine nne au tano.

Tazama na mhuri wa nyuma. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya N. V. Parekh pale Mombasa ilianza 1942. Picha yenye mhuri wao haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Karatasi za serikali nazo husema: fomu iliyochapwa jina "Tanzania" haitangulii mwisho wa 1964, na bahasha yenye stempu ya Malkia Elizabeth haitangulii 1952. Haya yatakusaidia kumkumbusha bibi bila kumbishia.

Kwa kuwa macho yake ni dhaifu, chapisha picha ishirini tu, kila moja ukubwa wa A4, kwenye karatasi ya kawaida ya ofisini. Mpelekee tano kwa kikao kimoja. Usianze na "huyu ni nani?", maana swali hilo linamtia mzee katika mtihani, na mzee akishindwa mara mbili hunyamaza. Muulize, "Siku hii kulikuwa na nini?" Atakwambia habari ya mchele ulioungua, ya gauni la kuazima, ya nani alikataa kuja, na majina yatajitokeza humo humo. Muombe ruhusa urekodi sauti. Akisema "huyo ni Mwanaidi wa Mikanjuni, si yule mwingine," andika hivyohivyo, usimsahihishe. Na mama yako akisema jina jingine, andika yote mawili, na nani kasema lipi. Kitabu cha ukoo si hukumu ya kadhi.

Kila picha ipe namba. Namba na jina ziandikwe nyuma, ukingoni, kwa penseli laini ya 2B, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Usitumie kalamu ya wino: hukandamiza, na wino wake siku ya unyevu huhamia kwenye uso wa picha inayofuata. Picha za kuanzia miaka ya sabini, zile zenye mgongo laini kama plastiki, penseli haizishiki. Hizo ziandikie kwenye bahasha yake.

Sasa mjomba. Laminesheni ni plastiki yenye gundi inayoyeyushwa kwa joto, ikaingia ndani ya karatasi. Haitoki tena. Unyevu uliokuwemo umefungiwa humo, mgongo hauandikiki, na picha za zamani uso wake una tabaka la jelatini ambalo joto hilo linaweza kuliharibu. Lakini usiende kumwambia mjomba kwamba amekosea, maana anachokihofia ni cha kweli: vidole vya watoto, chai, na maji ya masika. Mpe kopi za rangi za picha kumi nzuri kuliko zote, akazipige laminesheni, ziwekwe sebuleni, zishikwe na kila mgeni. Asili zisiende steshenari. Wote mtakuwa mmepata.

Swali la mkonge limenifurahisha. Mkonge wenyewe ni mgeni wa mkoa wenu: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote aliyokatia babu yako na wenzake. Karatasi yake ni imara sana. Ni kazi pia, nikwambie mapema.

Kata nyuzi kavu vipande vya sentimita mbili. Refu zaidi ya hapo zitajisokota na kukukasirisha. Kwa kilo moja ya nyuzi weka gramu 200 za magadi soda na maji ya kutosha kuzifunika, chemsha saa tatu au nne mpaka uzi ukiuvuta kwa vidole ukatike bila kubisha. Angalizo moja ambalo watu hulipuuza: usitumie sufuria ya alumini, yaani karibu kila sufuria iliyoko jikoni kwenu. Magadi huila. Tumia sufuria ya chuma kisichopata kutu au ile ya enameli. Chemshia nje, linda macho na mikono. Suuza mpaka maji yawe meupe na yasiteleze tena vidoleni. Kisha twanga kwenye kinu, na si kutwanga kwa dakika kumi. Chukua kidonge kidogo cha rojo, kitie ndani ya glasi ya maji, tikisa: ukiona wingu, tayari, ukiona nyuzinyuzi zinazoelea, rudi kinuni. Ukichoka, changanya nusu kwa nusu na karatasi nyeupe za ofisini zilizolowekwa na kusagwa. Magazeti usitie. Yana kile kitu cha ndani ya mbao kinachofanya karatasi igeuke njano na kuwa na asidi.

Chotea rojo kwa fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirisha, geuzia juu ya kitambaa, kandamiza kati ya mbao mbili na mawe juu, kisha anika kivulini. Karatasi za kwanza zitakuwa na mashimo na vinundu. Zitunze, mwakani utazicheka.

Ila sitakuruhusu uweke picha moja kwa moja juu ya karatasi hiyo. Ina uso wa kukwaruza, na huna uhakika umesuuza magadi yote. Itumie kwa jalada, kwa karatasi za kutenganisha sura, kwa bahasha za hadithi alizosimulia bibi. Kurasa za picha nunua kadi nyeupe, laini, nene, iliyoandikwa kuwa haina asidi. Ukiikosa, karatasi nyeupe nzuri ya ofisini ni afadhali kuliko manila za rangi, ambazo rangi yake huchuja hewa ikiwa na maji, na Tanga hewa ina maji mwaka mzima.

Umbo la kitabu: usikishone ukakifunga kabisa. Toboa matundu matatu kwa msharasi upande wa mgongo, pitisha kamba ya katani, funga fundo linalofunguka. Kati ya kila kurasa mbili, upande wa mgongo, weka ukanda wa kadi wenye upana wa sentimita tatu. Bila ukanda huo picha zitaongeza unene, na kitabu kitaachama kama mdomo wa mamba. Mtu akikwambia kazi hii ni mchezo wa wageni, mkumbushe Siyu, kisiwani Pate, ambako waandishi walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano.

Kwa jalada wengi hutamani kanga ya marehemu. Kitu kizuri, ila muulize mama yako ipi inaruhusiwa kukatwa, na usiiguse iliyobaki peke yake. Kata ili jina la kanga likae lote mbele, pindo lizunguke ukingo. Kwanza bandika karatasi nyembamba nyuma ya kanga, ikauke, ndipo uivishe kadi ngumu. Ukipaka gundi moja kwa moja itapenya na kuacha madoa upande wa juu.

Haya, gundi. Kwenye picha yenyewe, hakuna. Picha ishikwe na pembe za karatasi: kata ukanda wa sentimita mbili kwa nne, kunja ncha zote mbili zielekee chini katikati, utapata pembetatu yenye mfuko. Vika pembe nne za picha, gundi ipakwe nyuma ya pembe hizo tu. Siku mwanao akitaka kusoma mgongo wa picha, ataichomoa kama kadi ya simu.

Gundi ya pembe na ya jalada ipike mwenyewe. Kijiko kimoja cha unga laini wa ngano, vijiko vitano vya maji, moto mdogo, unakoroga bila kuacha kwa dakika ishirini mpaka ing'ae. Ipoze, ichuje kwa kitambaa. Hudumu siku tatu nne kwenye friji, ikianza kunuka itupe. Inafunguka kwa maji kidogo, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Kasoro yake ni kwamba mende nao wanaipenda, ndiyo maana ipakwe kidogo sana. Wapo wanaotia mrututu ili kufukuza wadudu. Usitie, shaba iliyomo huozesha karatasi. Selotepu isiingie nyumbani siku za kazi hii: ikizeeka, plastiki hutoka na mafuta yake ya kahawia hubaki milele.

Ile albamu ya kunata ndiyo mgonjwa wako mahututi. Gundi ya kurasa zile na plastiki ya juu vyote hula picha, na picha za rangi za miaka ile zimeshaanza kuwa nyekundu zenyewe, kwa sababu rangi ya samawati ndiyo hufifia mapema hata gizani. Kwanza piga picha kila ukurasa ulivyo, maana mpangilio aliouchagua bibi nao ni habari: nani kamweka karibu na nani. Halafu chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya pembe ya picha, usogeze taratibu kama anayekata sabuni. Picha isikunjwe, ni uzi ndio unaotembea. Isiyokubali, iache, kata ukurasa kuizunguka. Nyingine ikiwa imegandamana na kioo cha fremu, usiivute kabisa. Iskani hivyohivyo kwenye kioo chake.

Barua za herufi za Kiarabu zisikunjuliwe kwa nguvu, wala zisibandikwe. Ziskani, mpelekee kopi mzee anayesoma khati, ikiwezekana wawili kila mmoja peke yake, kwa kuwa Kiswahili cha herufi hizo mara nyingi hakiweki irabu wala hakitofautishi sauti zote, na msomaji hujaza kwa anachokijua. Angalia tarehe. Mwaka 1380 wa Hijria ulianza katikati ya 1960, na 1400 ulianza Novemba 1979. Ukikuta "mfunguo nne", hiyo ni Muharram, mwaka umebadilika. Nimeona familia iliyogombana kuhusu nani mkubwa kati ya ndugu wawili, kumbe ni mfunguo tatu na mfunguo nne wa miaka miwili tofauti.

Binamu wa Muscat usiwatumie picha kwa WhatsApp kama picha. Inazibana, na wao wakizichapa zitatoka kama zimeloweshwa. Zitume kama dokumenti, au peleka flashi kwa mtu anayesafiri. Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, picha ndogo za pasipoti dpi 1200. Kisha wape kazi: kila familia itengeneze kurasa zake kwa kipimo kilekile na matundu matatu yaleyale. Watakapokuja Idi, mnafungua kamba na kuziingiza. Sina shaka wao pia wana sanduku, na humo ndimo zilimo barua ambazo bibi yako aliwaandikia. Waulizeni.

Pa kuweka: kabati la ukuta wa ndani, juu ya sakafu, mbali na bafu, wala si darini chini ya mabati. Pakiti za kunyonya unyevu zile zinazokuja na viatu kusanya, uziweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na asili. Mchele usiweke, utaita wadudu. Dawa ya nondo pia usiweke, mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki. Kila baada ya mwezi, siku kavu, fungua, pekua, tazama kama kuna kile kidudu cha rangi ya fedha kinachoteleza kati ya kurasa. Ukiona koga, itenge karatasi hiyo peke yake, ikauke kivulini penye upepo, ndipo uipanguse nje kwa brashi laini, umeziba pua. Usiianike juani.

Imebaki picha ya wembe. Usiitengeneze. Vijana wa studio siku hizi watakurudishia uso kwa kompyuta dakika tano, na watakuwa wamekutungia mwanamke asiyekuwapo. Usiitupe pia, kwani aliyekwaruza angetaka kuitupa angeitupa. Alikwaruza, kisha akairudisha sandukuni, ikakaa miaka yote hiyo. Itengenezee bahasha ya ile karatasi yako ya mkonge, uiweke mahali pake pa tarehe, kati ya picha za harusi. Juu andika namba tu. Pangani usiitoe mbele ya watu. Subiri jioni mkiwa wawili, rekoda imezimwa, umwambie ipo. Akisimulia, muulize kama anakuruhusu kuandika. Akikataa, sawa, bahasha ibaki na namba yake. Mfuniko usiubandike, ingiza ulimi wake ndani tu.